Mama wa Jalalani Alisema Nini

Jumapili, Julai 2007. Nachingwea.

Baridi ya asubuhi imekwisha, umebaki upepo na vumbi jekundu. Nimerudi kutoka Ruangwa mchana huu, nywele zimeshika rangi ya barabara na hata kuoga sijaoga. Nataka niandike kwanza ya jana, kabla hayajapoa.

Wanaonisoma hapa wanajua ninavyopenda filamu za watu waliotupwa pembeni: waliotoka jela, wajane waliofukuzwa, watu wanaoitwa wendawazimu. Huwa zinaniliza. Nilidhani kule kulia ndiko kunanifanya mtu mwema.

Jana nimejua sivyo.

Mjomba wangu Selemani ana banda la video Ruangwa, karibu na soko. Benchi za mbao, jenereta nyuma, deki na televisheni mbele. Filamu zinakuja kwa lugha za wenyewe, naye anashika kipaza sauti na kututafsiria. Kusema kweli hajui hata lugha moja kati ya hizo. Anaangalia midomo, anatunga. Watu wanafuata utani wake kuliko filamu yenyewe, na mimi nimecheka humo tangu niko shule ya msingi, miaka ya tisini.

Jana saa nane mchana aliweka filamu ya Kireno aliyopewa na dereva wa lori aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Inahusu mama anayeokota chupa jalalani. Mguu mmoja anauburuta, na wenye maduka wanammwagia maji akipita. Ikafika mahali amesimama mlangoni pa kanisa, ndani kuna harusi. Walinzi wanamsukuma, naye anasema kitu huku ameng'ang'ania nguzo.

"Nipeni japo bia moja ya harusi!" Mjomba akatafsiri kwa sauti ya kilevi.

Banda zima likaangua kicheko. Na mimi nikiwemo.

"Selemani, huyo mama haombi pombe."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Bibi Anastasia, Mmakua aliyevuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, akiwa msichana aliyelelewa na masista wa Kireno huko. Aliwahi kuugua ukoma. Akatibiwa hospitali ya Mnero, akapona miaka mingi iliyopita, ila vidole havikurudi. Kila mtu pale anajua kwamba alipona, na kila mtu anamkwepa njiani kana kwamba hajapona. Filamu huwa anaziangalia kwa nje, amesimama, anachungulia pembeni mwa pazia. Hakuna aliyemkataza kuingia.

Hakuna aliyewahi kumkaribisha.

Mjomba akasimamisha filamu. "Anasemaje basi, mama?"

"Anasema, anayeoa humo ni mwanangu. Niacheni nimwone tu, halafu naenda zangu."

Jamaa mmoja wa benchi la mbele akafoka, "Sisi tumekuja kucheka bwana, washa! Na huyo abaki hukohuko."

Mjomba akakitazama kipaza sauti chake. Hajawahi kumpa mtu yeyote akishike, hata mimi nilipokuwa mdogo na kulilia. Nilijua atatoa mzaha ili yaishe.

"Pita mbele, mama," akasema. "Useme wewe."

Akapita katikati ya benchi. Alipofika usawa wangu nikavuta gauni na kusogea. Sikuamua kusogea, mwili ulisogea wenyewe. Mimi, mwalimu, ninayewafundisha watoto kwamba ukoma ukishatibiwa hauambukizi! Naye aliona.

Yule jamaa wa mbele akatoka na mwenzake. Sisi wengine tukabaki. Bibi akakibana kipaza sauti kwa viganja viwili, akaanza.

Kiswahili chake kina Kimakua ndani yake, na anasema polepole. Alikuwa anamwacha mtu wa kwenye filamu amalize kwanza ndipo aseme, kama unavyomsikiliza mgeni aliyekuja na jambo zito. Ghafla wale wa jalalani wakawa na majina. Wakataniana, wakapeana pole, wakasalimiana kwa adabu. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunawanyang'anya maneno yao!

Bwana harusi akatoka kanisani, akamwona mama yake, akamtambua. Akaingia kwenye gari. Mama akamgeukia mwenzake wa jalalani.

"Umeona suti ilivyomkaa?" Bibi akatafsiri. "Yule nimemzaa mimi."

Mwanamke aliyekaa mbele yangu alijifunika uso kwa kanga.

Filamu ilipoisha, Mjomba alizima jenereta na kusimama kama mtu aliyekamatwa. "Miaka yote hii nimewadanganya watu," akasema. "Utakuja tena Jumamosi, mama?"

"Nitakuja. Lakini niwekee kiti, miguu yangu siyo ya kusimama."

Leo asubuhi, kabla ya basi, nilikwenda kwake. Nilimkuta uani, amekaa mkekani, anapepeta ufuta.

"Shikamoo, bibi. Jana ulipopita nilisogea. Nimekuja kuomba unisamehe."

"Marahaba. Nilikuona." Akaendelea kupepeta. Halafu akaupigapiga mkeka kando yake. "Kaa hapa basi."

Nikakaa, bega kwa bega. Nikamuuliza jambo lililonikosesha raha. Mwishoni baba mkwe wa yule kijana alimfokea mama wa jalalani maneno mengi, naye Bibi alinyamaza tu. Kwa nini hakuyatafsiri?

"Yalikuwa matusi."

"Lakini si ndivyo filamu ilivyosema?"

"Matusi mliyaelewa bila mimi, mwanangu. Yale hayahitaji mtafsiri. Nilitaka watu watoke na maneno ya mama."

Nimeliwaza hilo njia nzima hadi hapa. Amesimama nje ya lile pazia miaka na miaka, siku anapewa nafasi ya kusema, hakutumia hata neno moja kutusuta. Alimsemea mwenzake.

Mimi ningesimama mbele ya watu walewale, kipaza sauti mkononi, ningesema nini?