Paa la Pili

Jumatatu, 6 Machi 1916

"Msichana hufanya kazi ya watu kwa sababu ni mchezo. Mchezo ukichafuka, hurudi kwa mama yake." Maneno ya Mzee Ambilikile, mzee wa kanisa letu, jana baada ya ibada, mbele ya watu wote. Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Jibu langu: mchezo umechafuka tangu mwezi jana. Banda la mpunga kando ya njia limejaa wapagazi walioachwa na misafara ya vita. Wengi wanahara damu. Hakuna aliyetumwa kuwatazama. Wanaume wa kijiji wamekimbilia milimani wasishikwe kubeba mizigo. Mimi ni mwalimu, nina cheti, sishikwi. Waliokwenda bandani ni wanafunzi wangu wawili, Subilaga na Tusekile, na wasichana wadogo wanaowafuata. Hawakuitwa na mtu. Wanazoa uchafu kwa majivu na majani ya migomba. Mzee hajafika hata mara moja kuunusa mchezo huo.

Hakuna darasa. Askari wamekichukua chumba cha shule, wameweka unga. Mvua.

Jumatano, 8 Machi

Kila mmoja wa wale wawili ameanzia kwenye kitu anachokipenda.

Subilaga anapenda udongo. Mama yake ni wa kabila la Wakisi, mfinyanzi. Aliona wagonjwa hawawezi kuinua kichwa, maji ya kata yanawamwagikia shingoni. Akafinyanga vyungu vidogo vyenye mdomo mrefu, mgonjwa anyonye akiwa amelala. Cha kwanza kilipasuka motoni. Cha pili pia. Akaponda udongo mwingine.

Tusekile anapenda kuimba. Anapenda kupita kiasi, hata darasani. Anamwuliza kila mgonjwa kwao ni wapi na baba yake ni nani, kisha siku ya soko anayaimba majina hayo katikati ya watu. Mama mmoja wa Ndandalo alikuwa anachagua samaki, akasikia jina la kaka yake. Jana wamekuja kumchukua kaka huyo kwa machela. Yu hai.

Nilisimama mlangoni nikiwaeleza wasichana jinsi serikali inavyotumia watu kama magunia. Tusekile akanikatiza: "Mwalimu, maneno yako yangekuwa maji, hawa wote wangekwisha kunywa. Shika mtungi." Wadogo wakacheka. Nikashika mtungi.

Jumamosi, 11 Machi

Wameletwa wagonjwa wengine. Mmoja ni Mzee Kasebele wa Makwale, baba mkwe wa Subilaga. Harusi bado, lakini ng'ombe wa mahari walikwisha kupokelewa. Mwanawe, mchumba wa Subilaga, yuko mbali, anabeba mizigo ya jeshi la Wajerumani. Sasa na baba ameshikwa.

Subilaga alimwona anaingizwa. Akaangusha mtungi, akajifunika uso, akakimbilia migombani. Kwetu ndivyo ilivyo. Mke wa mwana hamwoni baba mkwe, hamtaji jina, hakai naye chini ya paa moja. Ng'ombe wakishapokelewa, desturi imeanza. Mzee naye, mgonjwa kiasi kile, aligeuza uso ukutani.

Nilimfuata migombani. Nilimwambia desturi hii haina maana mahali watu wanapokufa. Nilizungumza sana. Alinisikiliza amenipa mgongo. "Mwalimu, kuhara damu naogopa. Kumvunjia mzee yule heshima naogopa zaidi."

Sikumshinda. Nina hasira.

Jumapili, 12 Machi

Dawa ni paa la pili. Mzee Kasebele alazwe kwingine, Subilaga arudi bandani. Nyumbani kwangu haiwezekani, ndiko Subilaga anakokaa na mke wangu, kwao ni mbali. Nyumba nyingine hazitaki ugonjwa huu. Limebaki kanisa. Kavu, pana, tupu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Mchungaji wetu amelala na homa, hatambui mtu. Ufunguo uko kwa Ambilikile.

Nimeuomba baada ya ibada. Amesema nyumba ya Mungu si ya watu wa kuhara. Nimemwuliza ni ya nini. Nimemtajia Msamaria. Akajibu: "Msamaria, ndugu Mwalimu, alimpeleka mtu wake nyumba ya wageni. Hakumpeleka hekaluni." Watu wamecheka.

Ni jibu zuri. Nalichukia.

Jumanne, 14 Machi

Nimeanza kukata mianzi nijenge kibanda. Mikono yangu ni ya chaki. Nguzo mbili zimesimama, moja imeanguka. Mvua haikatiki.

Subilaga hajarudi kwa mama yake. Hili nalitia wino. Anakaa nje, nyuma ya banda, chini ya jani la mgomba. Anachemsha maji, anajaza vyungu, anavipitisha kwenye upenyo wa ukuta. Ndani Tusekile anavipokea na kuwanywesha watu. Mzee Kasebele naye anakunywa. Akimaliza, anageukia ukutani na kusema "Ndaga", yaani asante.

Tusekile alitoka nje kumpasha mwenzake habari. "Mkweo anaushukuru ukuta. Ukuta umjibu nini?" Subilaga akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Jumamosi.

Alhamisi, 16 Machi

Tusekile ana homa. Tangu jana jioni anahara damu.

Wadogo wamezuiwa na mama zao. Siwalaumu. Nimeingia bandani mwenyewe. Nanywesha, nafuta, nachimba makaburi, kibanda kimesimama nusu. Mtu mmoja hatoshi. Leo wawili wamekufa kabla sijawafikia. Subilaga anapitisha vyungu kwenye upenyo na hakuna mkono wa kuvipokea. Nilipoingia nilivikuta vinne vimepangwa chini ya ukuta, vimejaa.

Nimekwenda kwa Ambilikile tena. Mkewe amesema amelala. Niliiona miguu yake, amesimama nyuma ya mlango.

Ijumaa, 17 Machi

Tusekile amekufa adhuhuri. Mama yake alikuwapo.

Jumamosi, 18 Machi

Tumemzika asubuhi, mvua kubwa. Walijaribu kuimba. Ilikuwa vibaya. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha.

Ambilikile aliomba sala ndefu na alilia kweli. Sikujua la kufanya na machozi yake.

Subilaga alirudi mahali pake nyuma ya banda, mimi nikaingia ndani. Mkeka wa Mzee Kasebele ulikuwa mtupu.

Mgonjwa aliyelala jirani yake, mtu wa Songwe, amenieleza. Tulipokuwa makaburini mzee aliuliza: "Yule wa nyimbo leo mbona kimya?" Wakamwambia amekufa. Akauliza maji ataleta nani. Wakamwambia: "Ni mwalimu, na kuna msichana nje, lakini haingii kwa ajili yako." Kisha akaanza kutambaa. Mtu wa Songwe alimshika nguo. Mzee akasema: "Niache. Mwambieni mwanangu aliye nje, nyumba ni tupu."

Nilimkuta kwenye mtaro, ng'ambo ya njia, mbali kiasi kwamba kutoka bandani huwezi kumwona. Amelala ubavu kwenye maji ya mvua, amelipa banda mgongo. Alikuwa amekwisha kufa.

Nilirudi nikamwambia Subilaga kwa maneno yale yale aliyoyaacha mzee. Hakuuliza yuko wapi. Alisimama, akafunga nguo yake vizuri, akaingia na mtungi. Amewaosha wote. Mkeka ule hakuukanyaga.

Jumatatu, 20 Machi

Tumemzika mzee jana. Subilaga hakuja kaburini. Alisimama njiani amelipa kaburi mgongo mpaka tulipomaliza. Watu wengine walidhani hajali.

Desturi ile bado naipinga. Nitaipinga nikiwa na meno au sina. Lakini siwezi kusema desturi ndiyo iliyomwua. Yeye na yule msichana waliishika pande zote mbili, kwa heshima, na walikuwa wanahitaji paa moja zaidi tu. Paa lilikuwapo. Lilikuwa limefungwa.

Jumatano, 22 Machi

Mvua imepungua. Ziwa limetulia, milima inaonekana. Leo hakuna aliyekufa. Msichana mdogo mmoja amerudi bila kumuaga mama yake. Subilaga anamwonyesha kuponda udongo.

Jumapili nitasimama kanisani. Nilikuwa nimeandika mengi, nimeyachana. Nitasema haya tu.

Wazee wa kanisa, wewe Ambilikile na wenzako watatu mnaokaa benchi la mbele. Mzee Kasebele alikuwa na mkeka tu, akautoa. Ninyi mna jengo. Bandani kuna watu na wengine wanaletwa, na wako watakaokuwa baba mkwe wa mtu. Ibada ikiisha leo, msifunge mlango. Ufunguo msinipe mimi. Mpeni Subilaga.