Nimekubali Kuanza na Trigonometria

Ijumaa, Novemba 2016
Dubai Silicon Oasis

Leo tumefungua dirisha. Anayeishi hapa anajua maana yake: joto limekubali kuondoka, kiyoyozi kimezimwa, na baada ya miezi mingi nasikia sauti za mtaa wetu badala ya mngurumo wa mashine. Watoto wanacheza mpira kwenye maegesho ya magari. Kuna mtu anakaanga vitunguu ghorofa ya chini. Upepo una ubaridi kidogo, na ubaridi siku zote hunirudisha Lushoto.

Sikwenda kazini. Sisi wa mapokezi hatupati kupumzika kila Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa nimepanga kufua, kupika na kulala mchana kama tajiri. Badala yake nimekaa sakafuni, kanga kiunoni, nikiamua nini kitatokea kwenye maisha yangu.

Ngoja nianze mwanzo.

Mama mdogo Asha, mdogo wake mama, anaishi Marekani miaka mingi sasa. Karibu na kwake kuna chuo cha miaka miwili. Wenyewe huviita vyuo vya jamii. Unasoma pale masomo ya mwanzo, kisha unaomba kuhamia chuo kikuu umalizie shahada. Kuingia chuo cha jamii si kazi kubwa. Kazi ni kule kuhama, hasa ukitaka sayansi ya kompyuta kama mimi. Waombaji ni wengi, nafasi chache, na wale wa chuo kikuu hawaangalii tu kwamba umesoma. Wanaangalia umesoma nini, kwa mpangilio gani, na umepata alama gani.

Kwa hiyo kupanga masomo ndiyo vita yenyewe. Kuna kalkulasi, sehemu baada ya sehemu. Kuna fizikia, kuna kuandika programu, kuna Kiingereza cha insha. Fizikia haikupokei kama hujaanza kalkulasi, na kalkulasi haikupokei kama mtihani wa kukupangia darasa umeonyesha hujaiva. Ukikosea somo la kwanza, yote yanayofuata yanasogea.

Wiki iliyopita nilijipima kwa mtihani wa mfano. Aljebra ipo. Trigonometria imenitoka kana kwamba haikuwahi kuwa yangu.

Iliniuma.

Maana hesabu ilikuwa yangu, mimi na Salma. Tulikuwa kidato cha tano shule ya bweni, Lushoto, asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani na kidole hakishiki kalamu. Salma alikuwa ananishinda kemia, mimi namshinda hesabu, na jioni baada ya chakula tulikuwa tunabaki na ubao peke yetu, sweta mbili mbili, tunaandikiana maswali ya kukomoana. Wenzetu walisema tumechanganyikiwa. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Haikuwa furaha ya kufaulu. Ilikuwa ya kuona jibu linakuja kutoka mbali, taratibu, na wewe unalijua kabla halijafika.

Shule ilikuwa na chumba cha kompyuta ambacho kilifungwa karibu muda wote. Tukajitolea kukifagia kila Jumamosi ili tupewe ufunguo. Humo tulikuta kitabu cha zamani kisicho na jalada, tukanakili programu moja mstari kwa mstari, tukabadilisha maneno ya Kiingereza tukaweka ya kwetu. Tulipoiwasha, kioo kikauliza: Jina lako nani? Nikaandika Rehema. Ikajibu: Shikamoo Rehema. Salma alipiga kelele mpaka matroni akaja kuuliza kama tumeona nyoka.

Tulipomaliza kidato cha sita wote wawili tuliomba sayansi ya kompyuta. Wote wawili tulikosa, tukapangiwa ualimu. Salma alikwenda, leo anafundisha hesabu sekondari huko Korogwe na anaipenda kazi yake kwelikweli. Mimi niligoma. Nilikaa nyumbani nikisubiri sijui nini, halafu jirani yetu aliyekuwa huku akanitafutia kazi. Tangu hapo nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi kwenye jengo la makazi Jumeirah Village Circle. Good morning sir, good morning madam, kifurushi chako kimefika. Sijadhalilika. Ila nilikokuwa nataka kwenda siko huku.

Na ninachoogopa nakiandika hapa, sijakisema kwa mtu: naogopa kuambiwa hapana kwa mara ya pili.

Leo asubuhi Mama mdogo alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. Simu za mtandao hapa zimezuiwa, kwa hiyo mazungumzo yetu yote ni ya kurekodi na kusubiri.

"Mwanangu, nimeonana na yule mshauri wa masomo pale chuoni. Anasema njia ni mbili. Unaweza kuufanya na kuurudia ule mtihani wa kukupangia darasa mpaka upenye, uingie kalkulasi moja kwa moja. Au uanze na hesabu ya chini yake. Lakini ukiingia kalkulasi ukaanguka, alama ile haifutiki, na wale wa chuo kikuu wataiona. Ukianzia chini unachelewa mwaka mzima, maana maombi ya kuhama wanapokea mara moja tu kwa mwaka. Fikiri, unijibu leo, Jumatatu narudi kwake."

Nikaisikiliza mara mbili. Njeri, Mkenya wa Nakuru ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anasuka nywele kitandani na alisikia kila kitu.

"Mwaka mzima? Zii, hapana!" akasema. "Aki Rehema, wewe ni mtu wa kusoma hata ukipanga foleni. Ingia hiyo ya juu, utajipanga huko huko."

Maneno matamu hayo. Nilitaka sana yawe ya kweli. Nina miaka ishirini na saba. Mwaka mmoja kwangu si mdogo kama ulivyokuwa Lushoto. Nikamweleza Salma yote kwa ujumbe mrefu usio na mpangilio. Alijibu alipotoka darasani, kelele za wanafunzi nyuma yake.

"Hebu niambie bila kuangalia popote. Sine ya thelathini?"

"Nusu," nikamjibu. Hiyo naijua hata usingizini.

"Ya sitini?"

Nikasogeza simu dirishani. Nikamrekodia kelele za watoto wa mpira badala ya jibu.

Ujumbe wake uliofuata ulianza na kicheko. "Basi umebakiwa na hiyo nusu." Halafu sauti ikawa ile ya ubaoni. "Sikiliza, shoga yangu. Wanafunzi wangu wengi wanaoanguka kalkulasi haiwashindi kalkulasi. Inawashinda trigonometria iliyo ndani yake. Usiende ng'ambo kote huko ukapambana na kitu ambacho unaweza kukijenga upya. Anzia chini. Na wala usisubiri mpaka ufike. Tuanze leo, mimi na wewe."

Nililia kidogo. Si kwa huzuni. Ni ile "mimi na wewe", ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipofungasha magodoro tukaondoka shuleni.

Nikamwandikia Mama mdogo: mwambie mshauri naanzia chini. Trigonometria kwanza pamoja na Kiingereza, na somo la kwanza la programu kama wataniruhusu muhula huohuo. Kalkulasi ifuate, fizikia nyuma yake. Nitaomba kuhama mwaka mmoja baadaye.

Akajibu upesi kuliko kawaida yake. "Alhamdulillah. Nilikuwa naogopa utasema lile jingine, na mimi nisingeweza kukukataza."

Alasiri Salma akanitumia picha ya ubao wa darasa lake likiwa tupu. Alikuwa amechora pembetatu na kuandika maswali kuizunguka, mwandiko wake unaolala upande kama zamani. Nikachora ya kwangu. Njeri akachungulia, sahani ya wali mkononi.

"Hii ndiyo inakupeleka America? Pembetatu?"

"Ndiyo hii."

"Khalas, basi," akasema, akanisogezea wali. "Kula kwanza."

Sine ya sitini nimeipata kwa kuijenga mwenyewe kutoka kwenye pembetatu, bila kukariri: kipeuo cha pili cha tatu, kugawanya kwa mbili. Niliona jibu linakuja kabla halijafika. Nikamrekodia Salma jibu. Akanijibu neno moja: "Endelea."

Nimeendelea mpaka adhana ya magharibi. Yote nimeyaweza isipokuwa swali la mwisho. Hilo nimeligeuza kila upande, limenikatalia.

Sikumwomba Salma jibu. Asubuhi ninaingia zamu. Nikirudi nitalijaribu tena.