Alama ya Gunia

Uvira, Rugenge, tarehe 28 Aprili 2024

Yaya Sumaya,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na Mama Mwamvua. Macho yake yanaendeleaje? Sisi tuko, Mungu ni mwema, ila mama anakohoa tangu maji yaingie nyumbani, na mimi silali vizuri. Nakuandikia kwa karatasi kama tulivyozoea, wewe dada mkubwa niliyempata kwa ujirani. Simu tuiachie bei ya mchele.

Mvua ile ilituletea maji hadi magotini. Sanduku la bati uliloniachia ulipoolewa lilikuwa chini ya kitanda. Nilipolifungua, michoro ya marehemu baba yako ilikuwa imegeuka uji. Bi Tatu, kilemba chake kikubwa kinachoficha chumvi, maaskari wa forodha wanaomkimbiza: wote wamekuwa wino mmoja. Nimeandika maneno haya na kuyafuta, nikayaandika tena. Hayataki kuwa mepesi.

Lakini sikiliza. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimezipiga picha kurasa zote kwa simu. Sikukuuliza, nilitaka iwe zawadi. Unamkumbuka Gracien, yule mwenye kompyuta karibu na soko, anayewajazia watu filamu na nyimbo kwenye simu? Yeye ndiye aliyezisafisha. Madoa yote yametoka, weupe umerudi. Nakutumia zote kwenye carte mémoire, ile kadi ndogo ya simu, kwa mkono wa Mama Libérate anayevuka mpaka wa Kavimvira na samaki wake wa ndagala. Mpelekee yule mhariri wako. Aliahidi kuchapa kitabu, basi achape.

Mudogo wako,
Naomie

*

Bujumbura, Buyenzi, tarehe 12 Mei 2024

Mudogo wangu Naomie,

Salamu zimefika, na ndagala pia. Mwambie mama achemshe tangawizi asiache. Huku tuko wazima. Mama Mwamvua jioni haoni vizuri, lakini anasikia kila kitu, hasa yasiyomhusu.

Kwa ajili ya karatasi nililia, kisha nikanyamaza. Nani atayashitaki maji? Kwa ajili ya picha nilitaka kukushukuru. Ila kabla Mama Libérate hajafika, nilikuwa nimeshaziona. Fundi viatu wa mtaa wetu alikuwa anacheka peke yake na simu yake.

"Unacheka nini?"

"Bi Tatu! Weye humujue Bi Tatu? Buyenzi yote inamujua."

Chini ya kila ukurasa imeandikwa: *Kimechorwa na Tariki*, na namba yake ya simu. Tariki ni mjazaji wa simu hapa kwetu, kama Gracien wako.

Naomie, alama iko wapi? Duara lenye vijiti vitatu, kona ya chini. Babu zangu waliipaka kwenye magunia, ili wachukuzi wa bandari ya Kalundu wasiojua kusoma watambue mzigo ni wa nani. Baba hakuwahi kuandika jina lake kwenye michoro. Baba zake wakubwa walisema anayechora sura za watu anamwigiza Muumba, hawakutaka jina la ukoo liwe pale. Basi akaweka alama ya gunia. Ndiyo ilikuwa jina lake, Nasoro.

Nimeenda kwa mhariri. Tariki alinitangulia. Mhariri anasema watu wanakitaka kitabu sasa, si mwakani. Alama anaijua, ameiona kwenye mlango wa duka letu la zamani. "Lete ukurasa mmoja wenye alama hiyo," amesema, "la sivyo nachapa cha Tariki." Vijitabu alivyochapa baba zamani sisi hatuna hata kimoja, aliviuza vyote. Nitafutie picha za kwanza, zile ambazo hazijasafishwa.

Yaya wako,
Sumaya

*

Uvira, tarehe 19 Mei 2024

Yaya,

Natumaini mnaamka salama. Mama anakohoa kidogo tu sasa.

Picha za kwanza hazipo. Simu ilijaa, nikazifuta siku ile ile Gracien aliponirudishia zilizosafishwa, kwa sababu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilizitazama zote, yaya. Kona zilikuwa tupu, na mimi nikafurahia weupe.

Nimegombana na Gracien mbele ya wateja wake.

"Minye nilizani ni alama ya kikombe!" akasema. "Chai inaachaka duara kama ile. Na weye mwenyewe uliniambia nitoshe madoa yote."

"Na kuuza nilikuambia?"

"Sikuuza Bi Tatu. Niliuza filamu. Bi Tatu nilimuwekea batu juu yake, kama mbata, nyongeza ya bure. Sasa banakuja kumutafuta yeye, filamu hawaitake tena. Nifanye nini, nibafukuze?"

Watu wakacheka. Mmoja akaniuliza kama nina kurasa zingine.

Nimekumbuka jambo. Baba yako alichapa vijitabu vile kwa mashine ya paroisi, pale kanisani, ile ya kuzungusha kwa mkono, kisha akaviuza pamoja na chumvi kwenye masoko ya uwanda, hadi Kamanyola. Lazima kuna mtu amekitunza kimoja. Nitapanda huko.

Mudogo wako,
Naomie

*

Katogota, tarehe 9 Juni 2024

Yaya mpenzi,

Habari za nyumbani? Mimi mzima, miguu tu imevimba. Kamanyola nilirudi mikono mitupu. Hapa Katogota nimekiona.

Kiko kwa mama mmoja mjane, Agathe, anayelima mpunga. Kimefungwa katika kitambaa cha kanisani. Alama iko pale, kila ukurasa, nyeusi, vijiti vitatu. Nikamweleza habari za Tariki na mhariri, nikamwomba anikopeshe. Akakataa. Nikamwomba niupige picha ukurasa mmoja.

"Hapana, mutoto wangu. Mume wangu alikuwa ananisomea hii. Minye sijue kusoma, lakini kila ukurasa najua unasema nini, kwa sauti yake. Mukishapiga picha, kesho Kamanyola yote iko inacheka na kitu yangu. Mimi nitabakia na nini?"

Kisha mbuzi wakaingia kwenye mpunga wake, akatoka akikimbia. Kijitabu kikabaki mkekani, wazi. Alikiacha mbele yangu kama ambavyo mtu hufanya na mgeni aliyemwamini.

Simu ilikuwa mkononi. Nilimsikia mbali akiwatukana mbuzi. Nikaiweka simu chini, uso kwa mkeka, nikakaa hivyo mpaka akarudi. Sikuweza, yaya. Najua ulichoniomba. Sikuweza.

Mudogo wako,
Naomie

*

Buyenzi, tarehe 16 Juni 2024

Naomie,

Tuko wazima.

Nimeisoma barua yako, kisha Mama Mwamvua akaniomba nimsomee, nikashindwa kumaliza.

Karatasi za baba yangu zilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya kitanda chako. Ulizitoa moja moja, ukazipiga picha, ukampa mtu, na hukuniomba ruhusa. Mimi sikuwa mbali. Nilikuwa hapa tu, ng'ambo ya Kavimvira. Kwa mama wa Katogota, usiyemjua hata jina la baba yake, ndipo umejifunza adabu.

Umeweka simu chini. Vizuri. Ila umejifunza kwa mali yangu, na mimi ndiye ninayelipa.

Mhariri amesema mwisho ni Septemba.

Sumaya

*

Uvira, tarehe 30 Juni 2024

Yaya Sumaya,

Nakusalimu, na mama anakusalimu.

Unayosema ni kweli. Nimetafuta mlango wa kutokea ndani yake, sikuuona.

Nilirudi Katogota. Nilimweleza Mama Agathe yale ambayo mara ya kwanza niliyaficha: kwamba ni mimi niliyepiga picha, kwamba alama ilifutwa kwa neno langu. Aliendelea kuchambua mchele. Mwishowe akasema, "Sasa weye unatembeatembea huku kwa nini? Mwenye baba ndiye aje. Akija yeye, nitakivaa kifuani, nitaenda naye mpaka Bujumbura. Kitabu hakitatoka mikononi mwangu, lakini huyo mhariri ana macho."

Nenda, yaya. Shuka njiapanda ya soko, uliza kwa Agathe wa mpunga. Mimi sitakuwepo, kama hutaki niwepo.

Mudogo wako,
Naomie

*

Bujumbura, tarehe 25 Agosti 2024

Kwa Naomie,

Natumaini mama amepona.

Nilienda Katogota. Mama Agathe alinifunulia ukurasa baada ya ukurasa, akanisomea bila kutazama maandishi, kwa sauti nzito ya kiume. Kila alipofika kona ya chini aligusa alama kwa kidole na kusema, "Hapa anamalizaka." Alidhani ni nukta. Nilimwambia ni baba yangu.

Tulivuka pamoja, kijitabu kikiwa chini ya kitenge chake. Mhariri alikitazama muda mrefu bila kukishika, maana alikatazwa. Kitabu kitatoka kwa jina la Nasoro, na alama itakuwa juu ya jalada. Tariki bado anaweka Bi Tatu kwenye simu za watu, na jina lake limebaki pale. Huyo hatutamkamata, wapo wengi kama yeye.

Njia ya Katogota haipiti Rugenge, unajua. Siku ya kwenda nilipofika Kavimvira nilishuka kwanza Uvira, mpaka kwenu. Nilimwona mama yako uani, anaanika nguo, hakohoi. Dirisha la chumba chako lilikuwa wazi, nikakusikia ukiimba ule wimbo unaoupenda unapofua. Nilisimama pale mpaka wimbo ukaisha. Kisha nikapanda taxi-moto, nikaenda zangu.

Usiniandikie. Siku nitakapoweza, nitaandika mimi.

Sumaya binti Nasoro