Kigari cha Baba na Mkono wa Masanja

Nyarubungo, Biharamulo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kwanza niambie habari ya mguu. Pale walipokata pamekauka, au bado panatoa maji? Na mama, kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko Mbuba? Mimi mwili ni mzima. Ukinipigia simu nasalimia na kukata haraka, nawe umeshaniuliza mara mbili nina nini. Nina jambo ambalo mdomo umekataa kulitamka, ndiyo maana naandika.

Ni habari ya kile kigari chako.

Uliposema hutaki kiti cha kusukumwa kwa sababu wewe si gunia la mihogo, niliahidi kukutengenezea kigari cha magurudumu manne, ukiendeshe mwenyewe hadi kanisani. Fremu niliichomelea hapa karakanani pamoja na Masanja, yule Msukuma aliyenipokea nilipofika huku simjui mtu, nikalala kwake miezi mitano. Matairi ni ya toroli, usukani tuliutoa kwenye gari bovu. Ikabaki nguvu ya kukiendesha, na hapo ndipo tulipokosana.

Masanja alitaka mota ya umeme na betri za sola. "Mzee ana mguu mmoja," alisema. "Mpe kitu cha kimya, akiachia kinasimama." Mimi nilikuwa nimeshapata injini ya pikipiki iliyogongwa, yenyewe ikiwa nzima. Nikamwambia yeye ni mtu wa mbuga, milima ya Ngara haijui. Betri zitaishiwa nguvu katikati ya kilima na baba yangu atabaki njiani watu wakimtazama. Tulibishana siku tatu. Mwisho alicheka. "Haya, Mhangaza, baba ni wako." Akanisaidia kuifunga injini.

Sasa hapa, baba, soma taratibu. Cheni ilikuwa inagusa kava yake, ikipiga kelele kila tukiwasha. Masanja alisema tuikunje kava upya. Mimi niliifungua nikaitupa pembeni, nikasema tujaribu kwanza, tutaifunga baadaye. Nilikuwa na haraka. Nilitaka nikupigie siku ileile usikie injini ikiunguruma.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mbele ya karakana. Nilikaa mimi kwenye usukani. Injini ilipowaka cheni ikaonekana imelegea, Masanja akainama kuiangalia. Akaniambia, "Subiri." Kwa kelele ile nilisikia kama amesema, "Haya." Nikakanyaga mafuta.

Sikusikia kilio. Nilihisi tu kigari kimekwama. Nilipogeuka, mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kwenye cheni pamoja na mkono wa shati.

Hospitalini waliokoa kidole gumba. Vidole vinne havipo tena. Na huyu ni mchomeleaji, baba. Hakuna fundi huku anayeunga chuma kwa mstari ulionyooka kama wake.

Nilikwenda kwa mke wake, Kabula, nikamweleza kwamba kava niliitoa mimi. Alikuwa anachambua maharage. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Na yeye alikukataza?" Nikasema alitaka tuitengeneze, mimi ndiye niliyekataa. Akaendelea na maharage yake, hakuninyanyulia macho hadi nilipoondoka. Mpaka leo ananisalimia kama mgeni aliyepotea njia.

Wiki iliyopita Masanja mwenyewe alikuja karakanani, mkono umefungwa bandeji. Alinikuta naikata fremu vipandevipande.

"Zima hiyo grenda," alisema. "Vidole vyangu vimekwenda, na mzee naye akose kigari?"

Nilijaribu kumwomba msamaha, akanikatiza. "Usinililie. Chomelea ulipokata." Alikaa juu ya tofali akinielekeza, nami nikaunga fremu, nikafunga mota na betri kama alivyotaka tangu mwanzo.

Tumekijaribu. Tambarare kinakwenda vizuri, hata kuku hawashtuki. Tukapakia madebe manne ya mahindi, kadiri ya uzito wako, nikakielekeza kwenye kilima cha shule nikitembea pembeni. Kilifika nusu, kikasimama.

Kwa hiyo sikufichi. Dukani utafika, kisimani utafika, kwa baba mdogo utafika. Kanisani hutafika peke yako. Kilima cha mwisho kaka Zakaria itabidi akusukume. Najua utakasirika. Nikasirikie mimi. Injini sitaifunga tena, hata ukiniamuru.

Kigari kitakuja na lori la mahindi. Mimi sitakuja kuvuna maharage. Milango na madirisha yote aliyokuwa ameagizwa Masanja nayatengeneza mimi sasa, naye anakaa pembeni ananisahihisha. Hapo ndipo nilipo, na sijui ni hadi lini.

Mpe mama shikamoo yangu, na kaka Zakaria mwambie asione tabu kwa mzigo niliomwongezea. Shangazi Paskazia, anayeongoza sala kwenye jumuiya, amwombee Masanja kwa jina. Asiseme ni bahati mbaya. Aseme kama nilivyoandika.

Masanja yuko hapa mezani. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ameomba nimwachie nafasi chini ya jina langu.

Mwanao,
Deogratias

SHIKAMOO MZEE. KIGARI NI KIZURI. ENDESHA POLEPOLE. MIMI MASANJA