Mashine ya Anjelina

Mwananyamala,
14 Juni 2025

Kwa dada yangu Flaviana,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti limepungua kuvimba tangu mvua zilipokatika huko Newala. Wasalimie watoto na majirani. Mie ni mzima, ila nimechoka, uchovu ambao hata nikilala hauishi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi nakuongelesha kwa mkato. Nilisingizia mtandao. Leo naandika kwa mkono, niseme yote.

Unakumbuka mwanangu Anjelina alivyoipenda ile kompyuta yake kuukuu. Aliondoa mfumo wa zamani uliojaa virusi, akaweka Linux, akaniambia imetengenezwa na watu wengi na haina mwenyewe wa kutufungia mlango. Kisha akaigeuza kuwa kituo cha mtandao wetu mdogo wa kuandikiana, ule ambao wewe ulikuwa ukisomea habari zetu kila asubuhi. Hukuwahi kuiona mashine yenyewe. Ilikaa sebuleni, juu ya meza niliyoiranda mimi, ikihudumia watu thelathini na saba, na kupelekeana habari na mashine za watu wengine, za Arusha, Mwanza, hata Ulaya. Hakuna iliyokuwa bosi wa mwenzake.

Alipofariki Novemba, rafiki yake Shamimu, aliyekaa naye hosteli za chuo kule Mabibo, alitaka kuichukua. Nikakataa, nikasema nitailinda mwenyewe. Shamimu alicheka huku analia, akaniambia baba, basi ujue Linux hailogwi, ikigoma ni kwamba hujaisasisha. Akanifundisha kwa kufuata daftari la Anjelina, lile lenye alama za chai kila ukurasa.

Kazi ile ilinishinda kimyakimya. Umeme ukikatika, naiwasha upya na kungoja. Watu nao wakaniletea mashtaka. Kokushubila wa kwaya alilalamika kwamba mwenzake Ferdinand amemwita kasuku mbele za watu. Nilipofuta maneno hayo, Ferdinand akaniuliza nimeajiriwa lini upolisi. Fundi seremala mzima, dada, nasuluhisha kwaya! Lakini kila nilipoingia kwa akaunti ya mwanangu, jina lake lilikuwa pale juu, nikahisi bado nina kazi ya kumfanyia.

Kwenye daftari aliandika kwamba mlinzi wa mashine anaweza kusoma hata ujumbe wa siri wa watu, na ndiyo sababu hasomi. Nililishika neno hilo miezi minne.

Aprili nilikuambia umeme umeunguza diski. Si kweli. Niliizima mwenyewe, nikaifunika kwa kanga ya marehemu mama yake Anjelina.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kusasisha, ikafunguka kwenye ukurasa wa ujumbe wa siri wa Anjelina, nikaona jina lako. Nikajidanganya kwamba ni dada yangu na ni mwanangu, kuna kosa gani. Nikasoma. Nikaona alivyokueleza tangu Machi ya mwaka jana kwamba figo zimekufa, na kukuomba usiniambie, kwa kuwa nimemuuguza mama yake miaka mitatu na mgongo umekwisha, aniache kwanza nipumzike. Nikaona ulivyombembeleza aniambie, mara tano, halafu ukakubali kunyamaza.

Mie miezi ile yote, akilala mchana, nilikuwa namwita mvivu. Akisukuma sahani, namwambia anaringia chakula cha baba yake. Naye anacheka tu, ananimenyea chungwa.

Nilikukasirikia, dada. Nisikufiche. Wiki tatu sikutaka hata kuliona jina lako kwenye simu. Sasa hasira imeisha, imebaki aibu. Wewe ulitunza siri ya mtoto, mie nikaivunja, kisha nikawadanganya watu thelathini na saba. Wengi wamehamia kwenye mashine nyingine, na marafiki zao wamewafuata, lakini maneno yao ya miaka yote hayakuhama nao. Bado yapo humu ndani.

Jumamosi ijayo Shamimu atakuja tuiwashe, niwaambie ukweli, kila mtu achukue yaliyo yake. Yenu ninyi wawili sitayagusa tena. Ila kama kuna siku alikuambia kwamba neno lile la uvivu lilimuumiza, usinifiche.

Msalimie Augustine na mkewe. Na ukipiga magoti jioni, ukishamtaja Anjelina, nami unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Leonardi