Ulichomsikia Wachira Akisema

Mama yangu,

Hujambo huko Mukurweini? Goti linasemaje na baridi hii? Na yule ng'ombe mkorofi, bado anaipiga ndoo teke? Mimi mwili ni mzima, upweke ndio unaonimaliza. Bibi kizee ninayemtunza huku Uingereza ananiita kwa jina la binti yake. Siku nzima ya kazi inapita sijasikia jina langu.

Nilipanga kurudi mwaka huu, unajua. Lakini akiba yangu yote imekwama kwenye zile hisa alizoniuzia Wachira, mtoto wa marehemu dada yako. Kampuni yenyewe haimo kwenye soko la hisa, na wa kuzinunua hapatikani. Alipokuwa akiniuzia, alinipigia asubuhi na jioni. Siku hizi hashiki simu.

Wakili wa Nyeri anasema bado kuna njia. Tutaanza kwa kulalamika kwa ofisi ya udalali iliyomwajiri. Wakinyamaza, tutaenda kwa mamlaka inayowapa madalali leseni, na mwisho mahakamani, tuombe mauzo yafutwe nirudishiwe pesa. Hakuniahidi kushinda. Tena kesi ina muda wake wa kufunguliwa, tukichelewa haitasikilizwa.

Shida ni kwamba karatasi niliyotia sahihi inasema hisa hizo huenda zisipate mnunuzi. Wachira alisema vingine, kwa mdomo, mezani kwako nilipokuja likizo, akikuambia wewe tata yake: "Tata, Muthoni asiogope. Hii ni kama kuku, siku yenye anataka pesa anauza tu." Ulicheka, ukamwongezea firigisi. Tulikuwa watatu tu. Ndiyo maana wakili anataka uape na kueleza ulichosikia.

Dada ameniambia ulimjibu, "Siwezi kumshtaki baba yangu." Najua, Mama. Wachira ana jina la babako, na tangu azaliwe unamwita baba. Nilikasirika, nikalia, nikakaa wiki nzima bila kukupigia. Sikuombi umchukie wala uongeze neno. Sema alichosema, basi.

Nisalimie dada, na shemeji anayekukamulia ng'ombe, na jirani yako wa kanisani. Wachira usimsalimie. Au msalimie, ni mtu wa kwetu.

Lakini kumbuka mimi nami nilipewa jina la mamako. Duniani kote ni wewe peke yako unayeniita mama, na nataka kurudi niitwe.

Ni mimi,
Muthoni