Fimbo Imekwenda Mbarara

Nakivale, Jumapili, Agosti 1984

Kaspari,

Wamekwenda na fimbo yako. Leo tumemaliza matanga, na mdogo wako alikuja kutoka Mbarara kumtaja mrithi wa nyumba, atakayeishika fimbo hiyo. Akamtaja mwanawe, ambaye hata kukuzika hakuja.

Nilisema apewe Domina, mtoto wa dada yako, kwa kuwa ndiye aliyekuuguza. Mdogo wako akaniuliza mbele ya wazee:

"Shemeji, tangu lini nyumba ikarithiwa kwa upande wa dada?"

Nikawasimulia makonti wa Anjou, wale watawala wa Ufaransa ya kale ambao ulifundisha habari zao shuleni miaka yote, ukiwaonyesha ubaoni kwa fimbo hiyo hiyo. Geoffroy Martel alikufa bila mtoto kama wewe, na nchi ikaenda kwa wana wa dada yake.

"Na huyo Martel wako alikuwa na ng'ombe wangapi?" akauliza tena.

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, unisamehe. Sikuwaambia kwamba wana hao walipigana mpaka mmoja akamfunga mwenzake gerezani.

Walipoondoka, Domina aliosha vikombe huku akiwataja makonti kama ulivyomfundisha: Foulques, Geoffroy, Foulques, Geoffroy. Hakukosea. Mimi nilikuwa natazama pale ulipozoea kuiegemeza fimbo. Imebaki alama tu ukutani.

Halafu nikaona jambo ambalo sikuwahi kukuuliza. Katika majina yale yote hamna mke hata mmoja. Wanaume wanafuatana kana kwamba walizaana wenyewe.

Wewe ukiwataja watu wako huko uliko, unikumbuke na mimi.